Maswali yenu: nani alitufunza kuomba radhi kabla ya kusema?

Barua nyingi safari hii zimehusu uhuru na ushiriki wa umma. Nimechagua sita.

Nadharia hakiki ina tofauti gani na nadharia nyingine za siasa? (Msomaji, Kayole)

Nyingine nyingi zinaeleza jamii ilivyo. Hii, ambayo Max Horkheimer wa Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Frankfurt aliitetea katika insha yake ya 1937, inauliza pia hali hiyo inamuumiza nani na itaondolewaje.

Shida si viongozi, ni sisi Wakenya. Akili zetu bado zimetawaliwa. Mbona kila siku mnailaumu serikali? (Umoja, Rongai, South B, na wengine wengi)

Swali hili linaletwa kila mwezi, na anayelileta hajiulizi hata mara moja akili hizo zilitawaliwa vipi.

Nikiwa darasa la nne, shuleni kwetu kulikuwa na kibao chenye kamba, tukikiita diski. Ukisikika ukizungumza lugha ya mama, unavishwa shingoni, na hukivui mpaka umnase mwenzako. Jioni mwalimu alimwita aliyebaki nacho, naye akamtaja aliyempa, huyo akamtaja mwingine, mpaka mstari mzima ukachapwa. Mwalimu hakuwa na haja ya kushinda uwanjani. Tulichungana wenyewe. Likizo ilipofika, nilijikuta nikimnong'oneza nyanya yangu jikoni kwake, ambako hakukuwa na diski wala mwalimu.

Kabla yetu babu zetu walivaa shingoni, ndani ya kikopo cha chuma, kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha wakoloni, chenye alama za vidole na rekodi ya kazi na mshahara. Mwaka wa 1922, umati ulipokusanyika hapa Nairobi nje ya kituo cha polisi ukidai Harry Thuku, kiongozi aliyepinga kipande, aachiliwe, ulimiminiwa risasi, na Muthoni Nyanjiru aliyekuwa mstari wa mbele akauawa. Woga wetu una tarehe. Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili, aliandika mwaka wa 1952 kwamba hali ya mtu mweusi kujiona duni inaanzia kwenye uchumi, kisha ndipo inapoingia mwilini. Huo mpangilio ni muhimu, na ndio mnaouruka.

Tena, si kila ukimya ni ugonjwa. Kibarua anayenyamaza mbele ya msimamizi kwa kuwa kodi ya nyumba inamngoja tarehe tano amepiga hesabu yake sawasawa. Mjihadhari na mtu anayewaambia kila mara kwamba shida ni akili zenu, hasa akiwa ndiye mwenye funguo za ofisi.

Naomba muhtasari wa Paulo Freire, nina mtihani Jumatatu. (Mwanafunzi)

Muhtasari sikupi, soma sura ya kwanza ya kitabu cha mwalimu huyo wa Brazil, Pedagogy of the Oppressed, haitakumalizia wikendi. Nakupa jambo moja la kukuamsha hamu. Mwaka wa 1963, mjini Angicos huko Brazil, mradi wake ulifundisha wafanyakazi wapatao 300 kusoma na kuandika kwa muda wa saa 40 hivi. Wakati huo asiyejua kusoma hakuruhusiwa kupiga kura Brazil. Wanajeshi walipotwaa serikali mwaka uliofuata, Freire alifungwa, kisha akaenda uhamishoni. Jiulize kwa nini jeshi lilimwogopa mwalimu wa ngumbaru.

Niende mkutano wa ushiriki wa umma wa nini, na wao huwa washaamua? (Kawangware)

Mara nyingi wameshaamua, ndiyo. Nenda hata hivyo, ila usiende peke yako.

Nilihudhuria mmoja wa bajeti katika ukumbi wa wadi. Tulitia sahihi orodha mlangoni kabla ya kusikia neno lolote, tukapewa karatasi za Kiingereza tupu, kisha soda. Mama mmoja anayeuza mboga alisimama, akaanza, "Mniwie radhi, mimi sijasoma sana." Akauliza: pesa za mtaro wa soko lao zilitajwa mwaka juzi, zikatajwa mwaka jana, na mvua ikinyesha maji bado yanapita chini ya meza yake, zimeenda wapi? Afisa akasema limesikika. Mama hakuketi. "Umeandika?" Afisa akashika kalamu. "Sasa nisomee."

Ukumbi mzima ulinyamaza akisomewa. Baada yake walisimama watu sita, na hakuna hata mmoja aliyeanza kwa kuomba radhi. Mtaro sijui kama umechimbwa. Ila nilimwona mtu akivua diski mbele ya watu, na wenzake wakavua zao, jambo ambalo kwa miaka mingi nilidhani linafanyika kwa kusoma vitabu chumbani.

Sahihi yako ya mlangoni ndiyo itakayotumiwa kudai ulishirikishwa. Kwa hivyo dai kumbukumbu za mkutano, uone kama ulichosema kimo.

Binti yangu wa darasa la sita anauliza "kwa nini" kwa kila jambo. Mwalimu amelalamika. Nimkanye? (Mama, Dandora)

Hapana, dada. Mfunze adabu ya kungoja zamu yake, basi. Na akikuuliza wewe nyumbani, mjibu. "Kwa sababu nimesema" si jibu.

Ni lazima niwe na wakili ndipo niwasilishe ombi bungeni? (Mathare)

La. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki hiyo. Liandike kwa Kiswahili ukipenda. Kifungu cha 7 kinakitambua kuwa lugha rasmi, na hakuna karani anayeruhusiwa kukurudisha kwa sababu hiyo.