Maswali Yenu: Lenzi Pana, Fokasi ya Mkono na Woga wa Mpiga Picha

Wiki hii ni zamu ya wanaopiga picha mitaani. Wanaouliza kamera ipi ni bora wasubiri. Nimewajibu mpaka mate yamenikauka.

Fundi, kati ya milimita 24, 28 na 35 ninunue ipi? (Morogoro)

Namba ikipungua, lenzi inaona pana zaidi na lazima umsogelee mtu. Nunua 28 kama huogopi watu, 35 kama bado unawaogopa. Hiyo 24 waachie madalali wa nyumba.

Nina lenzi ya 28 isiyo na zumu. Nikiwa Kariakoo otofokasi inarukia kofia ya mtu wa nyuma, ikigeuka tukio limeshapita. Naambiwa nifokasi kwa mkono, lakini si nitachelewa zaidi? (Temeke)

Utachelewa ukifokasi kila picha, na hakuna aliyekutuma hivyo. Fokasi inawekwa kabla hujatoka, ungali unakunywa chai, kisha pete ya fokasi kwenye lenzi huigusi tena. Weka f/8 (namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi linalopitisha mwanga: namba ikipanda, tundu linabana na ukali unaenea zaidi), zungusha pete mpaka mita 2.5. Kwa kamera ya sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha), ile ya milimita 36 kwa 24, kila kilicho kati ya mita 1.4 na 10 hivi kitatoka kikali. Ukienda f/11 na pete ukaiweka mita 2.4, ukali unaanzia mita 1.2 mpaka macho yanapoishia.

Jua la mchana, ISO 400 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na f/8 vinakupa shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ya 1/1600 ya sekunde hivi, inatosha hata kwa mkokoteni unaoteremka. Ukiingia chini ya maturubai ya Mtaa wa Kongo mwanga unaporomoka. Pandisha ISO, tundu usiliguse. Chengachenga kidogo kwenye picha hazijamuua mtu.

Kinachobaki ni kujua umbali kwa macho, na hapo wengi ndipo mnapokwama kwa sababu mnawaza kwa mita. Mimi nawaza kwa pima, mikono yangu miwili iliyonyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kama mita 1.8. Chukua muuza kahawa. Ukisimama anaposimama mteja kupokea kikombe, uko karibu mno na uso wake utaingia ukungu. Rudi hatua moja, ufike pima moja. Sasa umepata dele, vikombe kwenye ndoo ya maji, majivu ya mkaa kwenye kucha zake, na magoti ya wazee wanaobishana mpira. Hukugusa pete, umesogeza miguu tu.

Lenzi yangu ni 18-55 iliyokuja na kamera, haina namba za umbali. Ndiyo basi? (Dodoma)

Si basi. Kwenye sensa ndogo, 18 inaona karibu sawa na 27. Simama mita 2 kutoka mlangoni, acha otofokasi ifanye kazi yake, izime, kisha bandika pete kwa selotepu. Zumu nayo ibandike palepale kwenye 18, maana nawajua. Kwa f/8 utapata ukali kuanzia mita moja hivi. Ila lenzi nyingine pete yake ni ya umeme, ukizima kamera inasahau ulipoiacha. Ijaribu yako nyumbani.

Nataka kununua lenzi ya f/1.4 nipige usiku kwa mtindo huohuo. (Arusha)

Kwa 28 iliyowekwa mita 2, f/1.4 inakuachia ukali wa sentimita 40 hivi. Mtu akiegemea tu, umemkosa. Simama chini ya taa ya duka.

Je, nikitumia lenzi ya milimita 200 nikiwa ng'ambo ya barabara, watu wasijue? (Mombasa)

Swali hili huja kila mwezi. Hapana. Niliwahi kufanya ujinga huo Forodhani, nikamlenga mama aliyekuwa akinunua urojo. Aliniona kabla sijabonyeza, akageuka, akajitanda. Nilichopata ni mgongo wa kanga, mkali kabisa, na maandishi yake yanasomeka herufi kwa herufi: Hasidi hana sababu.

Mwenye lenzi pana hana pa kujificha, lazima aseme shikamoo. Ukikataliwa, ondoka. Watoto usiwapige bila mzazi kujua. Na kabla ya kurusha sura za watu mtandaoni, kumbukeni Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. "Ilikuwa barabarani" si utetezi wa kutegemea.

Nimerithi lenzi ya zamani ya 28. Pete ni ngumu na ndani kuna utando kama wa buibui. Nitie mafuta ya cherehani? (Tanga)

Usithubutu! Mafuta yatatambaa mpaka kwenye visu vya tundu, vigandane. Huo utando ni kuvu, unapenda unyevu wa pwani na giza la kabati. Mpelekee fundi wa kamera, si wa saa. Ikirudi, itunze kwenye kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na usiiweke karibu na lenzi zako nyingine mpaka uhakikishe imepona.