Baba hakuonekana, mzima wala maiti: nitaishije na nisilolijua?

SUALI

Assalamu alaykum sheikh. Baba yangu alipanda meli ya Spice Islander kurudi kwetu Pemba, usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2011. Meli ikazama kwenye mkondo wa Nungwi. Wapo walioopolewa hai, wapo walioletwa wakazikwa. Baba hakuonekana, mzima wala maiti. Mama mpaka leo usiku halitii komeo mlango wa mbele. Karibuni jamaa walitupeleka kwa mpiga ramli, akasema baba yu hai, amewekwa na majini kwenye kisiwa, na tumpelekee kofia yake aifanyie kazi. Je, baba aliteseka? Kwa nini Mwenyezi Mungu katunyima hata kaburi? Na tukimhisabu amekufa, si ndiyo tumemtupa?

JAWABU

Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, suali lako nimelisoma mara kadhaa kabla ya kushika kalamu. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu na akutieni subira nyote.

Umeuliza kama aliteseka. Sijui. Na yeyote atakayekwambia anajua, awe anakupa habari ya kukuliza au ya kukufariji, amesema asilokuwa na ilimu nalo. Usione kuwa nimekukimbia. Imam Malik aliulizwa masuala 48, akajibu 32 katika hayo kwa neno hilo hilo: sijui. Malaika nao, walipotakiwa wataje majina ya vitu, walisema: "Umetakasika! Hatuna ilimu ila uliyotufundisha." Basi mimi na wewe ni nani?

Lakini lipo tuliloambiwa, nalo lishike kwa mikono miwili. Mtume, rehma na amani zimshukie, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, amewataja mashahidi, na miongoni mwao ni aliyekufa kwa kuzama. Siwezi kumtolea baba yako hukumu ya Akhera, maana hiyo haimo mikononi mwa mwanadamu. Naweza kukwambia umtarajie shahada, na matarajio haya yamesimama juu ya kauli ya Mtume.

Ama kaburi, katika mwisho wa Sura Luqman Mwenyezi Mungu ameyataja mambo matano aliyoyaficha kwetu, na la mwisho ni kuwa hakuna nafsi ijuayo itafia ardhi gani. Aya haikusema kuwa walio hai lazima wapajue. Mimi naona, na haya ni maoni yangu, kwamba kinachokuumiza zaidi ni kuhisi kwamba asiyejulikana alipo amepotea hata kwa Mola wake. Hapana, mwanangu. Soma Sura Al-An'am, aya ya 59: anayajua yaliyomo nchi kavu na baharini, wala halianguki jani ila analijua. Jani, sembuse baba yako?

Watu watakuja wakusomee kisa cha Nabii Musa na Khidhr, mja mwema aliyepewa ilimu na Mola wake, cha merikebu iliyotobolewa, wakwambie kuna hekima. Ipo hekima, tunaiamini. Ila Khidhr hakuitoboa kwa kukisia. Alifanya kwa amri ya Mola wake, na Musa mwishowe alielezwa sababu. Sisi hatukuelezwa. Asiyeelezwa hana ruhusa ya kubuni sababu akamtwika mfiwa. Wala neno "kadari" lisitumiwe kufunika uzembe wa watu: meli ile ilijazwa kupita uwezo wake, na dhambi ya aliyeijaza inabaki kuwa dhambi yake. Kuna yaliyo ghaibu, na kuna yaliyo wazi machoni petu.

Sasa mpiga ramli. Hapa nasema kwa mkazo: msirudi tena. Katika Sahihi Muslim imo hadithi kuwa anayemwendea mtabiri akamuuliza jambo, haikubaliwi sala yake siku arubaini. Fanyeni toba, na mlango wa toba uko wazi. Namfahamu vyema mtu anayekwenda huko. Si kwamba hana imani, ni kwamba kutojua kumemchosha, akitokea wa kumuuzia yakini atainunua hata ikiwa bandia. Lakini tazama amewauzia nini: mama yenu alikuwa na msiba mmoja, sasa anao wa pili, wa kumwazia mumewe kifungoni.

Nabii Yakub alikuwa Mtume wa Mwenyezi Mungu, na hakujua mwanawe yuko wapi. Alilia mpaka macho yake yakawa meupe, akasema: "Hakika mimi namshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko langu na huzuni yangu." Kulia kwake hakukumtoa katika subira njema. Lakini tahadhari, kisa hiki usikifanye ahadi kuwa baba atabisha hodi. Yusuf, mwanawe huyo, alipatikana, wengi hawapatikani.

Kuhusu kumhisabu amekufa, sharia haikuwaacha njiani. Imepokewa kwa Sayyidna Umar kuwa mke wa aliyepotea angoje miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wana hitilafu katika hilo. Wapo wanaotaka yakini, au hukumu ya kadhi kwa dalili zenye nguvu. Na meli kuzama katika mkondo ule ni dalili nzito. Basi msijiamulie nyumbani. Nendeni kwa kadhi, mchukue waliomwona akipanda. Kadhi ndiye atakayehukumu kufa kwake na tarehe yake, na tarehe hiyo ndiyo itakayoeleza nani anarithi na mama eda yake inahisabiwaje. Hukumu hii haimtupi baba yako. Inampa haki za maiti: madeni yake yalipwe, wasia wake utekelezwe, mirathi igawanywe. Dua na sadaka kwa ajili yake hazihitaji kungoja kadhi wala kaburi, anzeni leo.

Mlango wa mama muachieni. Akitaka usitiwe komeo, usitiwe. Mmoja wenu alale ukumbini kwa usalama. Na ile kofia, ikiwa bado iko kwa yule mtu, mwende wawili mkaichukue, mumrudishie mama mkononi.

Wallahu a'lam.