Nitaimbaje "amefufuka" na mama yangu yumo kaburini?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa letu la Moravian hapa Dar es Salaam. Mama alifariki Novemba, tukamzika nyumbani Tukuyu. Sasa mwalimu wa kwaya amenipangia kuongoza wimbo wa Pasaka, na kila tukifika kwenye "amefufuka" sauti inakatika. Mwenzangu mmoja alinivuta pembeni, akaniambia nikilia siku ya Pasaka ni sawa na kutangaza kwamba Yesu bado yumo kaburini. Kanga aliyojifunga mama siku za mwisho iko kwenye mfuko chini ya kitanda, sijaifua. Je, imani yangu imekufa?*
*Sauti ya Kwanza, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Na pole sana. Novemba ni juzi tu.

Nianze na huyo mwenzako ili tumalizane naye. Simchukii. Watu wengi wakiona chozi la mtu hutafuta kitu cha kuliziba, na maneno ya kanisani ndiyo huwa karibu na mkono. Ila Biblia haiko upande wake. Paulo alipowaandikia Wathesalonike waliofiwa, hakuwakataza kuhuzunika. Aliwaambia wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Na Yesu mwenyewe, akielekea kaburini kwa Lazaro, alijua kwamba punde tu angemwita atoke. Alilia hata hivyo.

Sasa chukua Yohana 20, usome taratibu, si kwa ile mbio ya ibada. Mariamu Magdalena amefika kungali giza. Amesimama nje ya kaburi, analia. Akigeuka, Yesu huyu hapa, mzima, na bado analia! Mara ngapi tumeisoma habari hii bila kuliona hilo? Ufufuo umeshatokea, na machozi yanaendelea kumtiririka. Anamdhania mtunza bustani. Wala hakukaripiwa. Aliulizwa analilia nini, kisha akaitwa kwa jina lake: Mariamu. Basi. Furaha ilimkuta na uso wake uleule uliolowa.

Wenzake nao hawakuwa na nafuu. Wale wawili wa njia ya Emau walisema walikuwa wakitumaini, yaani tumaini lilishakuwa habari ya jana. Marko anasema wanawake walikimbia kutoka kaburini wakitetemeka, wala hawakumwambia mtu neno. Hawa ndio mashahidi wa Pasaka, mwanangu. Nani kakwambia wewe uwe imara kuliko wao?

Nikupe na yangu. Pasaka ya kwanza baada ya kumzika mume wangu niliandaa chai, nikapanga vikombe vitano mezani. Tulikuwa tumebaki wanne. Kanisani nilichezesha midomo tu. Furaha ilinijia Jumanne yake, jikoni, mwanangu wa mwisho alipoiga baba yake anavyopiga chafya, ile ya kutikisa madirisha. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ndipo nikajua kwamba ninaamini nitamwona tena, kwa sababu nilijikuta nawaza: hii lazima nimsimulie.

Wewe una kitu ambacho mimi, kwa dhehebu langu, sikuwa nacho. Ninyi Wamoravian mnaanzia Pasaka makaburini. Mwaka 1732 huko Herrnhut, Ujerumani, vijana walipanda kilimani kwenye makaburi ya usharika kabla jua halijachomoza, wakaimba juu ya wafu wao. Wamisionari wenu walipofika Rungwe, huko kwenu Tukuyu, mwaka 1891 walikuja na mapokeo hayohayo. Bila shaka mama yako alikuamsha alfajiri, umefunikwa kanga, mkashuka kwenye umande na watu wengine huku tarumbeta zikilia. Pale hakuna anayejifanya kwamba hakuna aliyekufa. Mmesimama katikati ya makaburi ndipo mnajibizana: Bwana amefufuka! Amefufuka kweli kweli! Hayo maneno sebuleni ni mepesi. Pale yana uzito wake.

Sasa la kufanya. Nenda kwa mwalimu wa kwaya wiki hii, mwambie mwaka huu huongozi. Usimpe sababu ndefu. Amezika na yeye, ataelewa. Asipoelewa, hilo ni lake. Kisha omba ruhusa kazini, kata tiketi ya basi mapema maana Pasaka nauli na viti ni vita, uende Tukuyu. Na kama umefika mahali hulali, huli, na kuamka ni kazi, usingoje Pasaka: muone mchungaji wako, na daktari pia. Moja halizuii lingine.

Katika liturgia yenu ya alfajiri ile kuna sala ya kuwakumbuka ndugu waliolala tangu Pasaka iliyopita. Umeitikia "Amina" yake miaka yote bila kuijali sana, kama sisi sote. Mwaka huu mama yako yumo ndani yake. Nataka uwe umesimama karibu naye inaposomwa. Ukiweza kuimba, imba. Sauti ikikatika, wapo wa besi, wapo wa sauti ya pili, na kuna akina mama wa huko wanaojua wimbo huo kuliko kitabu. Watakubeba mpaka ubeti uishe.

Beba sweta, mvua ya Tukuyu mwezi huo unaijua. Na ile kanga usiifue kwanza. Jifunge hiyohiyo.

*Shangazi*