Fundi, hii beringi ya Porsche nibadilishe au niache?

Mwezi huu maswali ya Porsche yamekuja mengi mpaka nimeamua niyaweke pamoja, maana karibu yote yanazunguka kitu kimoja, ile beringi ya shafti ya kati, wenyewe wanaiita IMS.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nipo Leicester, Uingereza, nimenunua 911 ya 2001 manyua, injini ya 3.4, bei ilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea. Sasa kila ninayemwonyesha ananiambia hiyo injini ni bomu, beringi ikikatika ndo basi tena. Gari inatembea fresh, haina mlio wowote. Nibadilishe sasa hivi au wananitisha tu?

JIBU: Hawakutishi bure ila wanakuza. Kwanza jua kitu chenyewe kinakaa wapi. Hizi injini zinazoitwa M96, za Boxster ya kwanza na 911 ya toleo la 996, zina shafti imelala chini ya kranki (ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni), kranki inaizungusha kwa cheni na yenyewe inazipelekea mwendo kamshafti za kushoto na kulia, zile zinazofungua valvu, kwa cheni nyingine. Nyuma, upande wa flaiwili (lile gurudumu zito inapokaa klachi), hiyo shafti imekalia beringi ya gololi yenye sili pande zote mbili na grisi yake ndani, na hapo ndo wabunifu walipobugi, maana hiyo beringi inaishi kwenye oili ya moto maisha yake yote, sili ikichoka oili inapenya inaosha grisi, halafu ikishaingia haina pa kutokea, inabaki humohumo inazeeka, inashika unyevu na asidi na gololi zinaendelea kukimbia juu ya huo uchafu. Beringi ikifa shafti inayumba, cheni inaruka meno, valvu zinagongana na pistoni. Hapo hutafuti tena beringi, unatafuta injini.

Sasa si zote ziko sawa. Za mwanzo mpaka karibu 1999 zina beringi yenye mistari miwili ya gololi na hizo ni ngumu, hazifi kirahisi. Kuanzia 2000 wakaanza kuingiza ya mstari mmoja, ndogo, na hiyo ndo iliyoharibu jina. Kule Marekani wamiliki walifungua kesi ya pamoja kuhusu magari ya modeli za 2001 mpaka 2005, ikaisha kwa suluhu mwaka 2013, na takwimu iliyobaki midomoni mwa watu ni kwamba zinazokufa ni asilimia 8 hivi kwa za mstari mmoja na chini ya 1 kwa za mistari miwili. Kwa hiyo hata hiyo mbaya, nyingi zaidi zinadunda mpaka leo. Ya kwako ya 2001 iko katikati, inaweza kuwa yoyote kati ya hizo mbili, na mtu akikuambia kwa uhakika bila kushusha giaboksi anakubahatishia.

Lakini kabla hujaenda kununua beringi naomba ufanye kitu kimoja, na hiki ndo watu wanakiruka. Mwaga oili utoe filta. Kwenye hii injini filta ni ya karatasi inakaa kwenye kikombe cha plastiki, sio ya kopo, kwa hiyo kuipasua ni kazi ya kisu tu. Kata ile karatasi juu na chini, ikunjue yote juu ya gazeti jeupe, iminye oili itoke halafu itoe juani uitazame mkunjo kwa mkunjo. Utakuta vipande vyeusi au kahawia vya plastiki, usishtuke, hiyo ni reli ya cheni inalika kidogokidogo. Utakuta na vumbi linalometameta, pitisha sumaku, lisiposhika ni aluminiamu. Unachokiogopa ni vijipande vya chuma vinavyong'aa na kurukia sumaku, vyembamba kama vimekwanguliwa. Ukishaviona, fungua na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, uangalie chini kumekaa nini.

Ukikuta chuma, kubadilisha beringi ni kutupa hela. Ile chuma imeshatembea injini nzima, iko kwenye beringi za kranki, iko kwenye njia za oili, na beringi mpya utakayofunga itaoga uchafu uleule wa ya zamani. Hiyo ni ya kupasua na kuosha kila kitu, na fundi anayekwambia "tufunge tu mpya itaisha" mkimbie. Filta ikiwa safi, ndo tuongee kubadilisha.

Na muda wa kubadilisha ni pale klachi inapoisha, kwa sababu kazi karibu yote ni ileile, unashusha giaboksi, unatoa klachi na flaiwili, beringi ipo pale nyuma inakutazama. Ukiwa humo badilisha na sili ya nyuma ya kranki, ndo inayovujaga kati ya injini na giaboksi, japo mara nyingine wanaisingizia sili kumbe ni kifuniko cha hiyo beringi kinachovuja. Giaboksi ikishuka ukakuta beringi ni ya mstari mmoja, mimi ningeibadilisha palepale hata kama klachi bado nzima. Ikiwa ya mistari miwili na filta safi, ningeendesha.

Fundi atakayeifanya muulize swali moja: utafunga taiming vipi, yaani kranki na kamshafti zisipishane? Akisita, ondoka. Kranki inafungwa kwa pini kwenye puli pistoni ya silinda ya kwanza ikiwa juu, kamshafti zinafungwa na kifaa chake maalum, halafu teshena, vile vikaza cheni, zinalegezwa KABLA hajagusa kile kifuniko. Asipozilegeza, akitoa kifuniko cheni inaivuta shafti upande, jino linaruka, na umelipia kuua injini iliyokuwa nzima. Akimaliza aizungushe kranki kwa mkono mizunguko miwili akague alama ndo awashe.

SWALI: Niaje fundi. Niko Nairobi, nina Boxster S ya 2003, ilikuja hapa ikiwa na miaka michache tu. Klachi imeisha na nataka kufanya IMS pamoja. Kuna jamaa wa speya Kirinyaga Road ananiambia ile beringi ni saizi ya 6204 ya kawaida, ata ya mota ya umeme inaingia, bei ni kitu kidogo sana. Ile kit ya Marekani, beringi na vifaa vyake, ni pesa mob. Huyu jamaa ni mwongo?

JIBU: Si mwongo bana, saizi ni hiyo kweli. Tatizo ni kwamba ukifunga 6204 ya sili mbili umerudi palepale kiwandani walipokuachia, tena bila kujua imetengenezwa wapi. Fikiria hesabu hivi, kinachokula pesa hapo ni kushusha giaboksi, na utashusha tena ikifa.

Zilizopo sokoni ni za aina tatu hivi. Kuna zenye gololi za seramiki ndani ya ringi za chuma, zisizo na sili upande wa injini ili oili iingie na kutoka, hizi zina ukomo, mtengenezaji mwenyewe anakuambia ubadilishe ukifika kilomita au miaka fulani, kwa hiyo tunza risiti. Kuna za rola badala ya gololi. Na kuna isiyo na gololi kabisa, bushi inayolishwa oili yenye presha kutoka kwenye injini, hiyo ni ghali kuliko zote na ndo pekee ninayoona imeponya ugonjwa, zingine zinausogeza mbele. Lakini kwa klachi mpya na gari unayoitembeza weekend, ya seramiki inakutosha.

Halafu oili. Kiwanda kilikuwa kinaruhusu mwendo mrefu sana kati ya sevisi, wewe sahau hiyo, mwaga kila kilomita 8,000 au mara mbili kwa mwaka, inachukua karibu lita 8 najua inauma. Na usiifungie kwenye parking miezi halafu unaiwasha dakika tano na kuizima, unyevu unabaki ndani. Hizi gari zinapenda kutembezwa ziive vizuri.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi niko Maskati, nina Carrera ya 2007. Nimeambiwa yangu haibadilishiki, ni kweli?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Ni kweli, na ni habari nzuri kuliko inavyosikika. Kuanzia karibu 2006 waliweka beringi kubwa zaidi, kubwa kuliko tundu lenyewe, kwa hiyo haitoki mpaka injini ipasuliwe katikati. Utaitambua giaboksi ikiwa chini, nati ya katikati ni ya spana 22, za zamani ni 13. Lakini hiyo kubwa inakufa mara chache sana. Siku unabadilisha klachi mwambie fundi atoe kifuniko aichomoe ile sili ya nje ya beringi kwa ncha, taratibu, ili oili iingie iilainishe. Asiguse kingine.

SWALI: Fundi, 911 Turbo ya 2003, niko Dubai, nayo nianze kuogopa?

JIBU: Hapana. Turbo, GT2 na GT3 za miaka hiyo zina injini tofauti kabisa, ile inayoitwa Mezger kwa jina la mbunifu wake, shafti yake imekaa kwenye bushi zenye oili ya presha. Wewe angalia viungio vya mabomba ya maji ya kupoza injini, vimegundishwa kwa gundi, na kwa joto la huko gundi ikiachia maji yote yanamwagika barabarani tena ukiwa kwenye spidi. Siku injini inashuka kwa kazi yoyote vichomelewe au vipigwe pini.