Silipwi kuteleza: majibu yangu kwenu kuhusu timu ya skii

Shikamooni wazee wangu. Wadogo zangu, habari za huko Haydom. Tangu niweke ile picha nikiwa barabarani na magurudumu miguuni, fimbo mbili mikononi na kizibao cha rangi ya chungwa, simu yangu haijapumzika. Mama anauliza kama nimevunjika mguu hata natembelea mikongojo, na bandeji ya mkononi ni ya nini. Mjomba anauliza chuo kinanilipa kiasi gani. Na mdogo wangu wa kidato cha sita ameandika, "Dada, sisi huku tuna pumzi, niombee nafasi, hao wazungu tutawaburuza." Leo Jumapili sina zamu jikoni, nimekaa nijibu yote, na nitasema ukweli hata pale usipopendeza.

Nianze na mjomba. Silipwi, hata senti. Chuo chetu ni kidogo, kipo milimani Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na kimichezo kimo daraja la tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humu. Vyuo vya daraja hilo haviruhusiwi kumpa mwanafunzi ufadhili kwa ajili ya mchezo. Ada yangu inalipwa kwa sababu chuo kiliangalia kipato cha nyumbani, kikaona hatuna uwezo, na matokeo yangu ya mtihani yakawaridhisha. Nikiacha timu kesho, ada itaendelea kulipwa vilevile. Nikibaki miaka yote minne, hakuna kinachoongezeka. Fedha yangu ya mkononi inatoka kuosha vyombo kwenye bwalo, saa kumi kwa wiki. Viza ya mwanafunzi inaruhusu kazi za chuoni zisizozidi saa ishirini kwa wiki muhula ukiendelea, na mimi na masomo na mazoezi haya sifiki hata huko. Mwezi uliopita nilituma kidogo, najua. Sikuwa nimewasahau, nilikuwa nimenunua viatu vya baridi.

Mchezo wenyewe ni wa kuteleza kwenye theluji kwa skii, vile vibao viwili virefu vyembamba vinavyofungwa miguuni, lakini si ule wa kushuka mlima kwa kasi mnaouona kwenye televisheni. Wetu ni wa masafa: unapanda, unakwenda tambarare, unashuka, yote kwa nguvu za mwili wako. Ni mchezo wa Wanorwei, Waswidi na Wafini kabla ya kuwa wa mtu mwingine. Hospitali yetu hapo Haydom ilianzishwa na Wanorwei mwaka 1955, na wazee mnawakumbuka wale vijana wao waliokuwa wakija kujitolea. Mmoja aliniambia nikiwa darasa la sita kwamba kwao mtoto anavalishwa skii mara tu akijua kutembea. Nilidhani ananidanganya kwa sababu mimi ni mtoto. Sasa nasoma na Wamarekani waliolelewa hivyohivyo, ndio wenzangu wa timu, na kila siku naona tofauti ya miaka kumi na sita kati ya miguu yao na yangu.

Theluji ya kuaminika huku inakuja Desemba. Mashindano yanaanza Januari, ambapo vyuo vya ukanda huu hukutana wikendi baada ya wikendi kwenye tamasha za majira ya baridi, desturi iliyoanzia chuo cha Dartmouth mwaka 1911. Kwenye skii ubingwa wa taifa hauna madaraja. Sisi wa daraja la tatu tunasimama mstari mmoja na vyuo vikuu vinavyolipia wachezaji wao ada, na alama za wanaume na wanawake, za masafa na za kushuka mlima, zinajumlishwa kapu moja. Ushindani ni mkubwa, kwa hiyo kazi yote hufanyika sasa hivi, Septemba hadi Novemba, majani yakipukutika, bila hata punje ya theluji.

Ndiyo yale magurudumu. Skii za barabarani ni ufito wa alumini mfupi kuliko skii yenyewe, gurudumu moja mbele na moja nyuma. Kiatu kinashikwa kwenye ncha ya vidole tu, kisigino kinainuka kama unatembea. Za kwetu hazina breki. Ukitaka kusimama unatanua miguu na kukaza mapaja, ikishindikana unaingia kwenye majani kando ya lami. Mara ya kwanza nilivaa wiki ya pili ya Septemba, kwenye maegesho ya magari nyuma ya ukumbi wa michezo, na nilianguka mara nne. Mara ya nne ilikuwa mteremkoni, nikatua kwa kiwiko na kiganja cha kulia. Nahodha wetu, msichana wa mwaka wa nne, alinikalisha kwenye ngazi ya gari la timu, akachukua kibano na kuanza kunitoa kokoto moja moja mkononi. Hakuwa na haraka. Alisema naye alianguka hivyohivyo akiwa na miaka tisa, ila hapakuwa na mtu wa kumwangalia. Nililia kidogo pale, na haikuwa kwa maumivu. Tangu nifike Marekani hakuna mtu aliyekuwa amenishika mkono kwa muda mrefu namna ile.

Fimbo nazo zina mambo yake. Za mtindo wa kawaida zinafika begani, za mtindo huru, ule wa kusukuma miguu kwa pembeni, zinafika kidevuni au juu kidogo. Ncha zake ni za chuma kigumu, na kwa kuwa zinagonga lami kila siku zinakuwa butu. Butu maana yake zinateleza, na zikiteleza unaenda chini. Basi jioni ya Jumapili tunakaa chini kwenye chumba cha vifaa, kila mtu na tupa ndogo ya almasi, tunanoa kama mnavyonoa mapanga kabla ya kwenda shamba. Hiyo ni saa ninayoipenda kuliko zote za wiki. Ndipo nilipojifunza Kiingereza cha hapa, kile ambacho darasani hakisemwi.

Kitu kilichonishinda kuelewa mwanzoni ni polepole. Mnakumbuka mchakamchaka wetu, mwalimu nyuma na fimbo, aliyebaki nyuma anachapwa. Nilikuja na akili ileile. Jumamosi ya kwanza tulikwenda Long Trail, njia ya miguu inayopita mgongoni mwa milima ya Vermont yote hadi mpaka wa Kanada, kilomita kama 438. Tulikuwa tufanye saa mbili na nusu. Nikatoka mbele kwa kasi, nikafurahi kuwaacha. Kocha alinikuta juu, akatazama saa yangu inayosoma mapigo ya moyo, akaniambia nitembee. Nitembee! Niliona kama ananidhalilisha. Baadaye alinieleza kwamba sehemu kubwa ya saa zetu kumi na mbili za wiki lazima iwe ya taratibu, mtu anaweza kuongea sentensi nzima, ili siku mbili za kazi ngumu mwili uwe na kitu cha kutoa. Siku hizo ngumu hubahatishi: kati ya mzunguko na mzunguko wanakuchoma kwenye ndewe ya sikio, tone la damu linaingia kwenye kimashine kinachoonyesha laktati, kitu kinachoongezeka kwenye damu misuli ikifanya kazi kwa nguvu sana, na ikizidi wanakupunguza kasi. Sasa nakubali, lakini ilinichukua mwezi mzima kuacha kuona polepole kama uvivu.

Jumatano ndiyo siku ya kilima. Tunakwenda kwenye mlima ambao wakati wa baridi watu hushuka kwa skii, sasa umeota nyasi, na tunaupanda kwa kurukaruka na fimbo mkononi, dakika nne, unashuka ukitembea, unarudia mara sita. Mara ya tano mikono haisikii tena unachoiambia.

Mdogo wangu, hapa ndipo pa kukujibu wewe. Pumzi tunayo, ni kweli. Mwisho wa Septemba tulikwenda jimbo la New York kupanda mlima Whiteface kwa skii za magurudumu, barabara ya karibu kilomita 8 yenye mwinuko wa wastani wa asilimia 8, mwanzo hadi mwisho ni kupanda tu. Ule mlima wote unaishia mita 1,483, chini kuliko nyumbani kwetu. Wiki tatu tu tangu nivae magurudumu, na bado nilipita watu wanne nusu ya pili, kwa kifua tu. Lakini wiki iliyofuata tukawa tambarare, kusukuma kwa fimbo mbili pamoja, miguu imetulia, na msichana mwembamba ambaye hawezi kunishinda kwenye mbio hata siku moja aliniacha mpaka nikamkosa machoni. Kazi yote pale ni ya tumbo, mgongo na nyuma ya mikono. Anainama, anazielemea fimbo kwa uzito wa mwili wake, anateleza mita sita. Mimi nilisukuma kwa mabega peke yake, nikapata mita tatu. Pumzi haikusaidii kitu kama kila hatua inakula mara mbili ya nguvu.

Na si mimi wa kwanza. Mkenya Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800, akapelekwa Finland kujifunza, na mwaka 1998 akashindana kwenye Olimpiki ya Nagano, kilomita 10. Alimaliza wa 92, wa mwisho. Bjørn Dæhlie wa Norwei, aliyeshinda dhahabu siku ile, alimsubiri mstarini kama dakika ishirini ili amkumbatie. Watu wengi wanaishia kwenye kumbatio hilo wanapoisimulia. Mimi napenda zaidi kwamba Boit alirudi kwenye Olimpiki ya 2002, akarudi tena 2006. Kwa hiyo nikikwambia usije ukiwa na mawazo ya kuwaburuza, sikukatazi kuja. Soma, fanya mitihani yao ya Kiingereza, omba vyuo vinavyosaidia wanafunzi wa nje kulingana na uwezo wa familia. Usiandike kwenye barua yako ya maombi kwamba wewe ni mwanariadha kwa sababu tu unatoka kwenye nyanda za juu. Watakuuliza muda wako, na muda hautungwi.

Vifaa navyo visikudanganye. Jozi moja nzuri ya skii za theluji inazidi dola 500, na wenzangu wana tatu au nne kila mmoja, za baridi kali na za theluji ya majimaji. Mimi natumia za kuazima za timu. Buti zina jina la mtu aliyemaliza chuo limeandikwa ndani kwa kalamu. Zinanitosha, na nimezipenda.

Kuna jambo moja lililoniuma ambalo sikuliweka kwenye picha. Katikati ya Oktoba timu ilikwenda Forêt Montmorency, kaskazini ya jiji la Québec. Kule wanahifadhi theluji ya mwaka uliopita kwa kuifunika machujo ya mbao kiangazi chote, halafu wanaitandaza mapema kuliko mahali pengi. Kwa wenzangu safari ile ni saa chache ndani ya gari na kuonyesha pasipoti dirishani. Mimi mwenye pasipoti ya Tanzania nahitaji viza ya Kanada, alama za vidole, ada, na kungoja wiki ambazo sikuwa nazo. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Hawakujua tu kwamba pasipoti zinatofautiana hivyo. Nilibaki chuoni siku nne, bwalo tupu, nikafanya mazoezi peke yangu kwenye barabara ileile. Walirudi wakanuka theluji, wakaniletea chupa iliyojaa, imeshayeyuka. Niliishukuru. Usiku huo sikulala vizuri. Kwa safari ya mwakani tayari nimekusanya karatasi zangu, nitaanza Juni.

Novemba ndiyo ngumu kuliko yote. Majani yameisha, theluji haijaja, wenyeji wanaita msimu wa vijiti. Jumapili ya kwanza ya mwezi saa zinarudishwa nyuma, na ghafla saa kumi na moja jioni ni giza totoro. Tunavaa taa kichwani. Baadaye kidogo wanaingia wawindaji wa paa wenye bunduki, wiki mbili na siku kadhaa msimu wao, ndiyo maana ya kile kizibao cha rangi ya chungwa, mama, mtu asitudhanie mnyama. Wiki hizo ndizo watu wengi wa kutoka nchi za joto wanaanguka kimawazo huku, nami niliziogopa kuliko baridi yenyewe. Lakini saa tisa na nusu kila siku lazima niwe nje na watu kumi na tisa wanaonisubiri, na nikichelewa dakika tano kuna anayepiga simu. Sina ndugu hapa. Hilo la kupigiwa simu ndilo linalonibakiza kwenye timu, mjomba, sasa unajua.

Krismasi sitakuja. Tiketi ni ghali na timu inakaa kambini kuanzia baada ya sikukuu. Nikijaliwa, nitakuja Julai.

Mama, mguu ni mzima. Bandeji ni ya malengelenge, na yameshapona, yamekuwa sugu. Sugu yangu ya jembe, ile ya chini ya vidole, imelainika na karibu inapotea. Hii mpya imeota kati ya kidole gumba na cha shahada, mahali ambapo mkanda wa fimbo unabana. Nikija utaishika mwenyewe.