Barua kwa mwanangu anayekwenda Bangkok

Mwanangu Rehema,

Nyumbani hatujambo, isipokuwa baba yako na magoti yake. Ujumbe wako nimeusikia. Unasema ofisi inakupeleka Bangkok kwenye mafunzo mwezi wa Septemba, na yakiisha utabaki siku chache za kwako. Umeniuliza ukae wapi, utembee vipi, na utamjuaje anayekusaidia na anayekula hela yako. Mji ule uliwasomesha ninyi wote kwa magauni niliyokuwa nabeba kwenda kuuza Kariakoo, basi nitakujibu.

Anza na makaratasi. Sisi tunatoka nchi yenye homa ya manjano, kwa hiyo cheti cha chanjo kikae mkononi, usikitie kwenye begi kubwa. Ukishuka pale Suvarnabhumi, uwanja wao wa ndege, pitia kwanza dawati la afya ndipo uende uhamiaji. Ukipanga foleni ya uhamiaji moja kwa moja watakurudisha, na foleni ile si ya kuipanga mara mbili. Tangu Mei 2025 kuna fomu ya kuingilia nchini inayojazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure. Tovuti itakayokudai hata dola moja, ifunge. Viza ianze sasa hivi, ubalozi wao unaotuhudumia uko Nairobi.

Beba dola za mia mia, mpya, zisizo na mkunjo wala alama ya kalamu. Maduka ya kubadilishia fedha yaliyo ghorofa ya chini kabisa ya uwanja wa ndege, karibu na treni, yana bei nzuri kuliko yale unayokutana nayo ukitoka tu na mabegi. Mashine za benki zitakukata kama baht 220, baht ndiyo fedha yao, kila unapotoa kwa kadi ya kwetu, iwe umetoa kidogo au nyingi, kwa hiyo usiwe mtu wa kutoa vijisenti kila siku.

Kukaa, mimi nakupeleka Pratunam au Ratchathewi. Wenzako watakwambia Sukhumvit kuna hoteli nzuri, ni kweli, lakini Pratunam treni ya uwanja wa ndege inakushusha kituo cha Ratchaprarop na unamalizia kwa miguu. Tena chakula. Barabara ya Phetchaburi, kichochoro namba 7, kuna msikiti wa Darul Aman, na kando yake wamejipanga mama ntilie wa Kiislamu: wali wa kuku, supu ya mkia wa ng'ombe, chapati zenye ndizi ndani. Huko huna haja ya kuuliza kuna nguruwe au hakuna. Kwingine uliza kila mara, maana nguruwe wanamtia hata mahali usipomtegemea. Maji ya bomba usinywe.

Sasa kutembea. Bajaji zao utazipenda kwa taa na rangi, panda siku moja upige picha, basi. Hazina mita, na foleni ya Bangkok haina huruma. Teksi panda inayokubali kuwasha mita. Dereva akikutajia bei kabla hujakaa, funga mlango usubiri nyingine. Kutoka uwanja wa ndege kuna baht 50 za ziada juu ya mita, hizo ni halali yao, na tozo za barabara ya juu unalipa wewe. Lakini mchana wewe ni mtu wa treni na boti.

Boti nazungumzia zile za mfereji wa Saen Saep, wanazopanda wafanyakazi. Haisimami vizuri ile boti. Inagusa gati, watu wanashuka na kupanda kwa pamoja, unashika kamba, unavuka ubavu wake na kurukia ndani. Kondakta anatembea nje kabisa, kwenye ukingo, kofia ngumu kichwani, anakusanya nauli huku boti inakwenda mbio. Pembeni kuna turubai la plastiki lenye kamba. Maji yakianza kuruka, aliyekaa ukingoni analivuta juu. Ukikaa hapo kazi hiyo ni yako, usiwe unachati. Maji yale hayafai kuingia mdomoni. Gati la Pratunam ndipo boti zinapobadilishwa, kwa hiyo wote wakishuka, shuka nao.

Kasri la mfalme kalione. Kiingilio ni baht 500, mabega na miguu vifunikwe, nenda asubuhi. Treni ya chini ya ardhi inakufikisha kituo cha Sanam Chai, nyuma tu ya hekalu la Wat Pho aliko Buddha aliyelala, mita 46. Na hapa nijibu lile swali lako la mwisho. Barabarani atakukaribia bwana nadhifu, Kiingereza safi, atakwambia kasri leo limefungwa, kuna sherehe, lakini ana bajaji ya bei poa itakayokuzungusha mahekalu mengine. Mzunguko huo unaishia duka la vito au la fundi suti. Mpite, nenda ukaulize getini. Watu wa Bangkok ni wakarimu mno, ila mkarimu wa kweli hukungoja umuulize. Anayekufuata mwenyewe yuko kazini. Ukikwama, polisi wa watalii ni 1155.

Mfalme wao usimtanie, hata kwa ujumbe wa simu. Sheria inatoa kifungo cha miaka mitatu hadi 15, hawana mzaha. Mwambie na yule mwenzako avutaye sigara ya umeme aiache Dar, kule ni marufuku. Hekaluni vua viatu, na ukikaa chini nyayo zisielekee sanamu.

Ukiingia Platinum, lile jengo la maduka ya nguo pale Pratunam, kununua nguo, bei ya jumla huanzia vipande vitatu, hata vya rangi tofauti. Zile nguo za saizi moja kwa wote zimekatwa kwa mabinti wa kule. Jaribu makalio kwanza, wateja wangu walinirudishia vitu hivyo mpaka nikaacha kuvinunua. Bishana bei ukicheka, hesabu kwenye kikokotoo, usipandishe sauti.

Septemba mvua ni nyingi, mtaa unajaa maji ghafla, kwa hiyo weka malapa kwenye mkoba. Plagi zetu za miguu mitatu mara nyingi hazitaingia, beba adapta. Na pauabanki iwe ya mkononi ndani ya ndege.

Jina la hoteli nitumie kabla hujalipa, niangalie iko umbali gani na gati.

Mama yako