Masika Huua, Jua Husingiziwa: Majibu kwa Wasomaji Wenye Bustani za Maua

Barua nyingi tulizozipokea tangu mvua za masika zikatike zinalalamikia jambo moja, yaani maua yaliyokuwa yamestawi mwezi Aprili na yakaanza kufa mwezi Juni. Kwa sababu hiyo nimeipa nafasi kubwa barua ya kwanza, na wale walioandika kuhusu miwaridi bila kuona barua zao hapa wajue kuwa jibu lao limo humo.

Swali: Shikamoo Bibi. Nyuma ya nyumba yetu, Tabata, Dar es Salaam, nina bustani ya hatua kumi kwa sita ambamo nimepanda miwaridi tisa. Fundi alisawazisha uwanja kwa kifusi, kisha tukamwaga udongo mzuri juu yake. Wakati wote wa masika miti ilikuwa kijani kibichi, lakini mvua zilipokatika minne ilianza kunyauka. Nikaongeza maji, nikawa ninamwagilia asubuhi na jioni, na sasa miwili imekauka kabisa. Jirani anasema jua la Dar es Salaam haliyafai mawaridi. Je, niing'oe yote?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ing'oe hiyo miwili iliyokufa tu, na uing'oe kwa uangalifu, kwa kuwa ina ushahidi tunaouhitaji. Jua la Juni ndilo la upole kuliko majua yote tunayoyapata mwambao huu. Mwaridi uliovumilia joto la Februari hauwezi kuuawa na jua la kipupwe, kwa hiyo jirani yako amemsingizia asiyehusika.

Osha mizizi ya mti uliokufa katika ndoo ya maji, kisha uitazame na uinuse. Mizizi mizima huwa migumu na rangi yake ni nyeupe au kahawia hafifu. Ukikuta imekuwa myeusi na laini, ganda lake likivuliwa kwa vidole na kubaki uzi mtupu katikati, na harufu yake ni ya kitu kilichovunda, basi mti wako ulianza kufa Aprili, ambao ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Dar es Salaam. Mizizi huhitaji hewa kama inavyohitaji maji, na udongo uliojaa maji kwa majuma kadhaa huwa hauna hewa, hivyo vijizizi vyembamba vinavyofyonza maji hufa, na kuvu wa udongoni humalizia vilivyobaki. Juu ya ardhi huoni kitu, kwa sababu wakati wa mawingu na unyevunyevu majani hupoteza maji kidogo tu, na mizizi michache iliyosalia humudu kuyatosheleza. Mawingu yanapoondoka na upepo wa kusi ukaanza kuyakausha majani, mti unakuwa kama mtu mwenye kiu aliyekatwa mikono kisha akawekewa mtungi mbele yake. Mwenye bustani anaona mnyauko, anadhani ni ukame, anaongeza maji, na hapo ndipo anapoumaliza mti bila kujua.

Nashuku sana kile kifusi. Udongo mzuri uliomwagwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa ni sawa na udongo uliotiwa katika sufuria isiyo na tundu. Chimba shimo la futi moja, lijaze maji, yaache yazame, kisha lijaze mara ya pili. Maji ya mara ya pili yakiisha baada ya saa chache, nitakuomba radhi wewe na fundi wako, lakini yakilala humo hadi kesho yake, hakuna mbolea wala dawa itakayokusaidia mpaka uyapatie njia ya kutokea.

Kwa sasa acha kumwagilia mpaka kidole kikizamishwa hadi kiungo cha pili kisikutane na unyevu. Ile miwili inayonyauka ipogoe kiasi cha theluthi moja, ili mizizi michache isibebeshwe majani mengi. Yaondoe matandazo yaliyogusa mashina. Hiyo mitano iliyo mizima uipogoe pia mwezi huu, ukikata juu kidogo ya kijicho, yaani mahali chipukizi linapotokea, kinachotazama nje ya kichaka, nawe utaanza kupata maua mapya baada ya majuma sita hadi nane. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo kilichobebeshwa, pale waridi lilipounganishwa na shina la mti mwingine, ling'oe, maana hilo ni la mti uliopewa kazi ya kubeba, si la waridi ulilolinunua. Majani yenye madoa meusi yaliyoanguka chini yaokote yote na uyachome, kwa kuwa ugonjwa huo hurushwa na matone ya maji kutoka kwenye majani yaliyokufa hadi kwenye mabichi. Ndiyo maana mwaridi humwagiliwa shinani, tena asubuhi, wala haumwagiwi maji kichwani jioni.

Kazi kubwa ni ya Februari, wakati kila mtu analalamikia joto na hakuna anayewaza mvua. Vunja kifusi kwa sururu, chimba mfereji unaoelekea upande wa chini wa kiwanja, kisha inua matuta ya futi moja yenye udongo, mchanga wa mtoni na samadi iliyokwisha kuoza. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Najua wengi hupanda Machi, mvua ya kwanza inapoanguka, na sina ugomvi nao ikiwa udongo wao ni kichanga, lakini kwa uwanja kama wako mimi ningesubiri mwisho wa Mei, ambapo ardhi bado ina maji, mvua kubwa zimeshapita, na mti unapata miezi kadhaa ya hali ya hewa ya upole ili ujishikize kabla ya kiangazi.

Swali: Bogenvilia yangu ya hapa Tanga ina miaka miwili. Naimwagilia kila jioni na kuitia samadi ya kuku kila mwezi. Imepanda ukuta mpaka imempita jirani, lakini maua sijayaona.

Jibu: Unailea vizuri mno, na hilo ndilo kosa. Bogenvilia, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini, huchanua inapobanwa kidogo, na ukiishibisha maji na samadi ya kuku, ambayo huchochea majani kuliko kitu kingine, haina sababu ya kutoa ua. Acha samadi kabisa. Usimwagilie mpaka majani yaonyeshe dalili ya kulegea, kisha mwagilia kwa kushibisha na uache tena. Yale matawi yaliyohamia kwa jirani yakate sasa, kwa kuwa maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Kama ukuta haupati jua kwa saa sita hivi kwa siku, nitakuwa nimekupotezea muda, nawe itakubidi uihamishe. Ukishayapata maua, yatazame kwa karibu: ile rangi inayosifiwa ni ya majani yaliyogeuka, na ua lenyewe ni kile kijimrija cheupe kilichomo katikati.

Swali: Ninaishi Unguja, shamba, na nina safu ya miyasmini ambayo maua yake tunayatunga vikuba, yaani vishada vya kujipambia. Kila kaskazi inapovuma kingo za majani huungua na kuwa kahawia, na maua hupungua. Ninamwagilia kidogo kidogo, mara mbili kwa siku, kwa maji ya kisima. Nimetandaza makumbi ya nazi, lakini naona hali imezidi.

Jibu: Yaonje maji ya kisima chako mwezi Februari, kisha uyaonje tena Mei, nadhani utanielewa kabla sijamaliza. Visiwani maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi, na kiangazi yanapopungua, kisima hukaribia chumvi. Kumwagilia kidogo kidogo kunaongeza madhara, kwa sababu maji huishia juu, jua linayakausha, na chumvi inabaki pale pale ilipo mizizi. Mwagilia mara moja kila baada ya siku mbili au tatu, lakini kwa wingi wa kuisukuma chumvi iende chini, na maji yasiguse majani.

Kuhusu makumbi, nakuuliza umeyapata wapi. Yakiwa ni yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokotea kamba, umejitandazia chumvi kwa mikono yako mwenyewe. Yaondoe, uyaache yanyeshewe msimu mzima ndipo uyarudishe, na kwa sasa tumia majani makavu au nyasi.

Dawa ya kudumu ni maji ya mvua. Paa la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 20 hutoa lita 1,000, ukiacha yanayopotea njiani, kwa hiyo hata vuli hafifu inaweza kukujazia pipa kadhaa kabla ya kaskazi kuanza. Mapipa hayo yafunike kwa wavu ulioshikana sawasawa. Yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa juma moja hivi, na tuliiona homa ya dengue Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, ambayo huenezwa na mbu wanaozaliana katika maji kama hayo ya majumbani, yakiwemo ya visahani vya vyungu vya maua. Mwisho, miyasmini ipunguze matawi kidogo mwishoni mwa kipupwe, kwani nayo huzaa maua kwenye machipukizi mapya, na mtunga vikuba anayeogopa kukata matawi huishia kuchuma kidogo.

Swali: Mimi ni mwalimu, nimehamia Makete. Dalia zangu zilichanua vizuri sana hadi Mei, lakini asubuhi moja ya Juni nilizikuta zimekuwa nyeusi kama zilizomwagiwa maji ya moto. Je, nianze upya? Pia, je, naweza kuhamishia uani okidi chache kutoka Kitulo?

Jibu: Nianze na okidi, mwalimu, maana jibu ni hapana. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ilitangazwa mwaka 2005, na mimea yake inalindwa kwa sheria. Tayari okidi za nyanda hizo zimepata shida ya kutosha kwa kuchimbwa viazi vyake kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo, inayouzwa Zambia. Hata sheria isingekuwapo ningekukataza, kwa kuwa okidi ya ardhini huishi kwa kushirikiana na kuvu waliomo katika udongo wake, na ukiihamishia uani huwa unaihamisha nusu tu. Nenda ukazitazame huko huko kati ya Desemba na Aprili, mvua zikiwa zimekolea.

Dalia hazijafa. Kilichozichoma ni sakitu, yaani umande ulioganda, ambao huko kwenu hutokea usiku mkavu usio na mawingu, hasa kuanzia Juni hadi Agosti. Kilichoungua ni shina, lakini viazi vilivyo ardhini ni vizima. Likate shina ukiacha urefu wa kiganja, ngoja juma moja au mawili, kisha vichimbue kwa uma, si kwa jembe, na uvikaushe kivulini siku chache. Vihifadhi ndani ya kasha lenye pumba za mbao kavu, mahali pasipo na joto la jiko, na kila mwezi uvikague na kutupa kinachooza kabla hakijaambukiza vingine. Unapovigawa, hakikisha kila kimoja kina kipande cha shingo ya shina la zamani chenye kijicho, kwani kiazi kisicho na kijicho hakioti hata ukibembeleze.

Virudishe ardhini mvua zinapoanza, kwa kawaida Novemba, na usivimwagilie mpaka uone chipukizi limetoka.